Mfuko Tumboni: Kurudisha Utumbo au Kubaki Nao?



Katika mkutano huu wa maadhimisho nilipewa somo la "afya ya mwili." Nikamwomba katibu aniruhusu nilibane. Malaria mmeshahubiriwa, kunawa mikono mmeshahubiriwa. Mimi nataka kuzungumza na wewe unayebeba mfuko tumboni. Wewe unayekaa nyuma kabisa ya hema karibu na mlango, si kwamba umechelewa, bali unaogopa harufu. Wewe uliyeacha kwaya bila kusema sababu. Najua una swali moja linalokuamsha usiku: je, nirudi tena kwenye kisu wanirudishie utumbo ndani, au nibaki hivi hivi?

Tuanze kwa kuliita jambo kwa jina lake. Daktari alitoa sehemu ya utumbo wako nje kupitia ukuta wa tumbo, akaishona kwenye ngozi, na sasa haja kubwa inatokea hapo. Wanaita stoma. Kama ni utumbo mpana ni kolostomia, kama ni utumbo mwembamba ni ileostomia. Ni nyekundu kama ndani ya shavu lako, ina maji maji, na ukiigusa haiumi kwa sababu haina hisia ya maumivu kama ngozi. Si laana. Wala si kidonda. Ni mlango ambao daktari alifungua ili usife.

Huku kwetu watu hufika hapo kwa njia nyingi. Wengine utumbo mpana ulijipinda, tumbo likavimba kama ngoma, hakuna choo hakuna upepo, wakafikishwa hospitali usiku juu ya boda boda. Wengine ni tifoidi iliyotoboa utumbo. Wapo waliopigwa risasi wakikimbia vita upande wa pili wa mpaka. Yupo mama aliyechanika vibaya katika kujifungua, na yupo mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja. Wengine ni saratani. Nataja haya yote mapema kwa sababu jibu la swali lako linategemea sana ni kipi kati ya hivi kilikupata. Usichukue jibu la jirani.

Na kama unadhani kinyesi si jambo la kutajwa madhabahuni, fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 23. Mungu anawaagiza askari wa Israeli wabebe kitu cha kuchimbia, watoke nje ya kambi, wachimbe, wafukie. Mungu mwenyewe amepanga habari za choo! Halafu Marko sura ya 7, Bwana Yesu anafundisha kwamba kinachoingia tumboni hupita kikatoka nje, hakimtii mtu unajisi, maana hakiingii moyoni. Basi mhudumu wa mlangoni anayemwambia dada "kaa nje leo" kwa sababu ya mfuko wake, amesoma Biblia gani?

Sasa tuingie kwenye uamuzi wenyewe. Katika Luka 14 Bwana alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Ona, hakusema mnara ni mbaya, wala hakusema usijenge. Alisema keti. Watu wetu wengi hawaketi. Mmoja anakimbilia upasuaji kwa sababu harusi ya binti iko Desemba. Mwingine anauza ng'ombe wawili kabla hata daktari hajamgusa tumbo. Mwingine anakaa na mfuko miaka sita kwa sababu alisikia mtu fulani alifia mezani, na hakuna aliyemwambia kwamba wa kwake ungerudishwa kwa upasuaji mdogo kuliko ule wa mwanzo.

Swali la kwanza la kupeleka kwa daktari wa upasuaji ni hili: stoma yangu ni ya aina gani? Iko ya kitanzi, yaani utumbo ulivutwa nje kama kitanzi cha kamba, ukafunguliwa juu. Ukiangalia vizuri ina matundu mawili. Hiyo mara nyingi hurudishwa kupitia pale pale ilipotokea, bila kupasua tumbo lote upya. Iko nyingine ambayo utumbo ulikatwa kabisa, ncha ya juu ikatolewa nje na ncha ya chini ikashonwa na kuachwa ndani. Madaktari huiita Hartmann, jina la mpasuaji Mfaransa, Henri Hartmann, aliyeieleza mwaka 1921 kwa wagonjwa wa saratani. Hii ndiyo wengi wa utumbo uliojipinda hupata, hasa pale utumbo ulipokuwa umekwisha kufa. Kuirudisha ni kazi kubwa. Wanafungua tumbo tena, wanaitafuta ile ncha ya chini, wanaunganisha. Sasa unaona kwa nini wawili waliolala wadi moja wanaweza kupewa majibu tofauti, na wote wawili wameambiwa kweli.

Hapo ndipo karatasi inapokuwa mali. Sisi ni ushirika wa mipaka mitatu. Mtu anapasuliwa Congo, anahamia Koboko kwa shemeji, halafu anataka kurudishiwa utumbo Arua. Karatasi yake imeandikwa kwa Kifaransa, au ililowa mvua, au iliachwa. Mpendwa, bila ile karatasi ya upasuaji daktari anaanza gizani. Hajui ni kiasi gani cha utumbo kilikatwa, hajui ncha ya chini iliachwa wapi. Kabla hujafikiri habari ya pesa, itafute karatasi. Mtume mtu arudi kule ulikopasuliwa aombe nakala. Kama ni Kifaransa, tuna walimu katika tawi la Ariwara, watakuandikia kwa Kiingereza bila malipo, nimeshawauliza. Ipige picha kwenye simu, na umpe mtu mwingine picha hiyo. Wewe uliye kambini, anzia kituo cha afya cha kambi, ndio wanaoandika barua ya rufaa.

Swali la pili ni la msuli. Wengi hawaliulizi kwa aibu. Kule chini kwenye njia ya haja kuna msuli wa duara unaokaza na kulegea. Huo msuli umekaa bila kazi miezi au miaka. Kama ulichanika kwa uzazi au kwa ajali na haukutengenezwa, ukirudishiwa utumbo leo, haja itatoka bila kukuuliza. Daktari atapima kwa kidole na kukuambia ukaze. Anaweza pia kutia dawa ya picha kwa njia ya chini na kupiga eksirei, aone kama sehemu ya chini iko wazi na haivuji. Vumilia kipimo hicho. Ni dakika chache, na kinazuia majuto.

Kwa jambo hili nitakuambia habari ya mzee mmoja wa Ayivu, na amenikubalia nisimulie bila jina. Amepita miaka 70. Daktari alimwambia wazi, mzee, naweza kuunganisha, lakini msuli wako ni dhaifu na moyo wako haupendi nusu kaputi. Watoto wake walio Kampala walikuwa wamekwisha changa pesa, wakakasirika. Mzee akaketi siku tatu. Akasema, "Mfuko huu ninauona. Najua umejaa saa ngapi. Mnataka mnipe kitu nisichokiona, kinishitukize katikati ya ibada?" Akabaki nao. Pesa ile wakanunulia mifuko mizuri na godoro. Leo ni mzee wa kanisa, anagawa meza ya Bwana, na hakuna anayejua isipokuwa sisi aliotuambia. Mimi sioni kwamba mzee huyu alishindwa. Nasema alihesabu.

Wapo ambao kwao hakuna la kuamua. Kama njia ya haja yenyewe iliondolewa kwa sababu ya saratani, hakuna pa kuunganisha, na mfuko ni wa maisha. Huyo usimfariji kwa uongo kwamba "siku moja utarudishiwa." Mfariji kwa kweli. Dada aliyeokolewa kutoka saratani akiwa na mfuko anaweza kuimba, kulima, kuolewa. Hata mwenye stoma hushika mimba na kuzaa, ila awaambie wakunga mapema.

Kwa watoto waliozaliwa bila njia ya haja, hesabu ni nyingine. Kwa wengi kazi ni hatua tatu: stoma kwanza, kisha kutengeneza njia mpya, kisha kufunga stoma. Kati ya hatua ya pili na ya tatu mama hufundishwa kuipanua ile njia mpya kwa kifaa, nyumbani, siku kwa siku, ili isizibe. Mtoto analia, mama analia, bibi anasema acha. Mama, usiache. Ukiacha, njia inaziba na hatua ya pili inarudiwa. Nimeona akina mama wenye moyo wa simba katika jambo hili na hakuna aliyewaita mbele kushuhudia.

Sasa wakati. Haraka ni adui. Baada ya upasuaji wa kwanza, hasa kama kulikuwa na usaha tumboni, matumbo huwa yamevimba na kugandana. Akifungua mapema mno, daktari anachana vitu. Kwa ileostomia ya kitanzi husubiri kama miezi 2 au 3. Kwa ile ya Hartmann mara nyingi miezi 3 hadi 6, hata zaidi. Na mwili lazima uwe na nguvu: damu ya kutosha, uzito uliorudi, sukari na presha zimetulia. Mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri naye anaweza kupasuliwa, asijihukumu. Kama unavuta sigara kwa siri, Mungu anajua na mshono wako pia utajua.

Mimi mwenyewe nilibeba mfuko miezi 11. Utumbo ulijipinda nikiwa natoka mkutano wa injili, na nashukuru walionipasua. Mara ya kwanza nilipofika kurudishiwa, damu yangu ilikuwa chini, wakaniambia nenda kale. Nikaenda. Enyasa, maharage, mayai, majani ya kunde, vidonge vya damu, miezi 2. Watu walinena kwamba mwinjilisti ameogopa. Waache waseme! Sababu yangu ya kuamua kurudisha ilikuwa ya kawaida sana. Kazi yangu ni pikipiki. Njia ya Koboko kwenda Oraba hadi Kaya, vumbi na jua, mfuko ulikuwa unabanduka, na mifuko ya kweli haikupatikana dukani. Nilikuwa nafunga kavera na kitambaa kama wengi wenu, ngozi ikachubuka hadi damu. Nilikuwa na miaka 41, msuli mzima, moyo mzima. Nilipoweka mambo hayo yote mezani, mizani ikaegemea upande mmoja. Ingeegemea mwingine, ningebaki.

Na nikuambie yaliyofuata, maana watu hushuhudia siku ya kutoka hospitali tu. Wiki za kwanza nilikwenda chooni mara 8 kwa siku, wakati mwingine nikikimbia. Chini kulichubuka kama mtoto mchanga, mke wangu akanipaka mafuta ya watoto. Niliambiwa nisibebe kitu kizito kama wiki 8: si jembe, si jerikeni, si gunia la mihogo. Kwa mwanaume wa kijijini hiyo ni aibu, kwa mwanamke ni vigumu zaidi kwa sababu nani atachota maji? Mwezi wa nne ndipo tumbo lilianza kunielewa. Wapo ambao halitulii kabisa, hasa waliokatwa sehemu kubwa ya chini. Hilo nalo litie kwenye hesabu.

Hatari yenyewe ninaitaja bila kuipamba. Kubwa ni mshono wa utumbo kuvuja. Mara nyingi hujitokeza katika wiki ya kwanza au karibu na hapo: homa, tumbo kuuma na kuvimba, mapigo ya moyo kwenda mbio. Ikitokea, unarudishwa mezani, na unaweza kuamka na mfuko tena. Wengine hufa. Pia kidonda huweza kupata usaha, na baadaye mahali pale pakatoa ngiri. Muulize daktari wako, tena bila kuogopa: umefanya ngapi za namna hii? Kama mshono wangu ukivuja usiku, nani yupo? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Akisema ni bora uende Lacor kule Gulu, au Mulago, hajakukataa. Amekupenda.

Kuhusu pesa kwa ufupi. Katika hospitali za serikali ya Uganda ada zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa wadi za kulipia. Lakini mnajua wenyewe: kuna dawa na nyuzi ambazo siku hiyo hazipo, kuna chakula cha mgonjwa na cha mtu wa kumuuguza, kuna nauli ya Congo mpaka Arua kwenda na kurudi mara 4. Uliza orodha kwanza. Usiuze shamba kwa kukisia.

Sasa niseme na watumishi wenzangu. Tumewaumiza watu hawa kwa pande mbili. Wapo wanaomwambia mgonjwa kwamba akirudi kwa daktari amekosa imani. Wapo wanaosema kinyume, kwamba mfuko ni aibu kwa ushuhuda wa kanisa, aende upesi akautoe. Wote wawili wanaamua jambo ambalo tumbo lake si lao. Hezekia alipougua, Isaya alileta neno la Bwana, na pamoja na neno akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Yule mama wa Marko 5 alitumia mali yake yote kwa waganga miaka 12. Bwana hakumkemea kwa kuwaendea. Na Trofimo, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, Paulo ambaye leso zake ziliponya watu! Hakumwita mwenye imani haba.

Na hapa Arua tuna historia. Pale Kuluva alifanya kazi miaka mingi daktari mmisionari Ted Williams, mtu wa maombi na wa kisu. Mwaka 1961 alisafiri na Denis Burkitt ile safari ndefu ya gari katika Afrika kuchunguza uvimbe wa taya za watoto. Kule Lacor, Lucille Teasdale alipasua watu katikati ya vita. Si wa dhehebu letu, lakini tumbo halina dhehebu.

Jambo moja la kuonya. Stoma imeshonwa kwenye ngozi, kwa kawaida haijifungi yenyewe. Nimesikia mahali fulani mtu aliombewa, kisha akaambiwa aziba kwa kitambaa kama tendo la imani. Tafadhali, jamani! Ukiziba, kinyesi hakina pa kupita, na ule utumbo wa ndani unaweza kupasuka. Mungu akifunga stoma yako, tutashangilia hadi asubuhi na daktari atapima aseme ndiyo. Mpaka hapo iache wazi, ioshe kwa maji safi, kausha, vaa mfuko, na usikose miadi. Wenye ileostomia wakiharisha maji mengi, wanywe maji ya chumvi na sukari na waende kituoni siku hiyo hiyo, maana hukauka haraka kuliko wengine.

Haya, tufanye nini sisi kama ushirika? Kamati ya akina mama ya Koboko imekubali mambo haya, na matawi mengine yanaweza kuiga. Mtu akipangiwa tarehe ya upasuaji, watajitokeza wawili wa kutoa damu wiki ileile. Atapatikana mmoja wa kulala naye wadini na mwingine wa kupika. Kwa wiki 8 vijana watamchotea maji na kumlimia, bila kungoja aombe. Na anayeamua kubaki na mfuko apewe kiasi kile kile ambacho angepewa wa upasuaji, anunue mifuko, sabuni na mafuta ya ngozi.

Katika mikutano yetu yote tangu sasa, benchi la karibu na mlango wa kushoto litaachwa wazi. Nyuma yake kuna choo chenye mlango unaofungwa, jerikeni ya maji, sabuni na ndoo yenye kifuniko. Huhitaji kumweleza mtu kwa nini umekaa hapo. Ukitaka kuonana nami, baada ya ibada ya mchana mimi nitakuwa chini ya mwembe upande wa jikoni, na nimebeba daftari. Njoo na karatasi yako ya hospitali.